"Waifu Wangu Hinata": Watoto Wetu na Mapenzi ya Katuni za Kijapani



Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine wenu mtacheka mkilisoma. Sisi wenyewe tulianza kwa kucheka.

Jioni moja baada ya Maghrib, hapa Mutanga Sud tunaposomesha, alikuja mama mmoja ameshika daftari la mwanawe. Akatuomba tusogee pembeni, watoto wasisikie. Akafungua ukurasa wa mwisho, nyuma ya masomo ya tajwidi, tukaona kijana wake wa miaka 15 ameandika kwa kalamu ya biki, kwa herufi kubwa zilizotiwa rangi: WAIFU WANGU HINATA. Pembeni ameweka maua mawili.

"Maalim," akasema yule mama, "huyu Hinata ni mtoto wa nani? Ni wa hapa Mutanga au wa kule Kigobe? Na nani kawaoza?"

Tukamwambia hatumjui. Tukamwita kijana, akaja ameinamisha kichwa, hakusema neno. Mwenzake aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyeangua kicheko, na hapo ikabainika kwamba Hinata ni mchoro. Ni msichana wa katuni ya Kijapani iitwayo Naruto. Hana baba wa Kigobe wala mama wa Buyenzi. Yule mama akashusha pumzi, Alhamdulillah, kisha akakasirika upya kuliko mwanzo.

"Afadhali angekuwa binti wa watu, Maalim! Tungejua pa kwenda kuposa."

Hebu kwanza tuliseme hili neno "waifu". Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi walilichukua kutoka kwa Waingereza wakalifanya Kiswahili cha mtaani, na mtu akisema waifu wangu tunaelewa ni mkewe. Wajapani nao walilichukua kutoka huko huko kwa Waingereza. Washabiki wa katuni wakalipa maana yao: mwanamke wa kuchorwa ambaye mtu amemchagua kuwa kipenzi chake. Wa kiume humwita hazbando. Kwa hiyo neno moja limezunguka dunia kwa njia mbili, likakutana na nafsi yake kwenye daftari la tajwidi Mutanga Sud. Mama wa watu angejuaje?

Kwa wazazi wasiozijua katuni hizi, tueleze kidogo. Watoto wetu huziita manga, kama Wafaransa wanavyoziita, ingawa kwa Wajapani manga ni kile kitabu cha picha na anime ni ile ya kutazama. Televisheni ya Japani ilianza kuonyesha mfululizo wa kila wiki mwaka 1963. Kwetu sisi tulio katika miaka ya arobaini leo, zilitufikia kupitia Kifaransa. Tusijifanye hatuzijui. Kuna roboti aliyeitwa Goldorak, ambaye Wafaransa walianza kumtazama mwaka 1978, na ndugu zetu Waarabu wakamjua kwa jina la Grendizer. Kuna Olivier Atton, yule kijana wa kandanda anayekimbia na mpira kwenye uwanja usiokwisha mpaka kipindi kinamalizika hajafika golini. Jina lake la asili ni Tsubasa Ozora, na Waarabu walimwita Kapteni Majid. Yule binti aliyekuwa akimshangilia, tuliyemjua kama Patty, kwao ni Sanae, na mwandishi wao Yoichi Takahashi aliwaozesha katika vitabu vilivyofuata. Wengi wetu tulikuwa tumeshakua, hatukualikwa harusini.

Na dada zetu je? Dada zetu walikuwa na Candy, yatima wa Kimarekani aliyechorwa na Wajapani. Anthony, yule mvulana wa mawaridi, alipoanguka kutoka juu ya farasi akafa, kuna nyumba katika mji huu zilikaa kama zina msiba. Kisha akaja Terry, mapenzi yakanoga, halafu Terry akalazimika kubaki na mwanamke mwingine aliyepoteza mguu kwa kumwokoa yeye. Tunawajua akina mama, leo ni wakwe na mabibi, ambao ukiwatajia Terry wanatikisa kichwa kwa uchungu. Hao hao ndio wanaotuambia: Maalim, tusaidie, watoto wa siku hizi wamerogwa na katuni.

Basi jambo hili si geni. Lililobadilika ni kiasi. Sisi tulitazama kipindi kimoja, kwenye televisheni ya jirani, tumekaa chini, na mwenye nyumba akichoka anazima. Wao wanatazama kiganjani, chini ya shuka, mega zikiisha wanangoja rafiki alete kwenye flashi. Hiyo Naruto peke yake, tangu ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2002 mpaka ilipomalizika mwaka 2017, ina vipindi 720. Tukihesabu dakika 23 kwa kipindi, ni saa 276. Mtoto akitazama saa moja kila siku bila kuruka siku, itamchukua miezi tisa. Wapo katika darasa letu waliomaliza mara mbili, na Suratul Mulk, yenye aya 30, bado inawatatiza aya ya kumi na mbili.

Lakini kutazama ni nusu tu ya ushabiki. Nusu ya pili ni kuoza. Washabiki hawa hukaa wakabishana nani amuoe nani. Mwandishi akinyamaza, wao wanaoza. Mwandishi akisema, wanamkatalia. Kuna hadithi ya maharamia wa baharini, One Piece, iliyoanza kuchapwa mwaka 1997 na haijaisha, ambayo mwandishi wake hakuweka mapenzi baina ya mabaharia wa jahazi lile, na bado mashabiki wamewapangia ndoa zote. Katika darasa letu kulikuwa na kundi la Naruto na Hinata, na kundi la Naruto na Sakura, na ubishi wao ulikuwa mkali kuliko wa Vital'O na Inter Star. Mwandishi Masashi Kishimoto alimaliza kitabu chake Novemba 2014, baada ya miaka 15, akawaonyesha Naruto na Hinata wameoana na wana watoto wawili. Ungedhani kesi imefungwa. Watoto wetu wengine walikuwa bado wananyonya mwaka ule, na leo wanakata rufaa!

Huko Japani mashabiki wa namna hii wana soko lao, Komiketto, lililoanza Tokyo Desemba 1975 na watu kama 700 hivi, wengi wao wasichana, na siku hizi linajaza mamia ya maelfu. Nairobi nako vijana hukusanyika katika NAICCON wamevaa mavazi ya wahusika wao. Kwa hiyo asidhani mzazi kwamba mwanawe ana wazimu wa peke yake.

Sasa tuseme tulilolifanya sisi, na hapa hatujivunii.

Siku ya pili baada ya yule mama kuja tuliwakalisha watoto wote, wavulana upande wao na wasichana upande wao, tukatoa mawaidha makali. Tukawasomea hukumu ya macho, hukumu ya muda, hukumu ya kujifananisha na makafiri. Tukaamrisha kila mwenye michoro alete. Yakaja madaftari tisa. Tukayafungia kabatini na kuona tumefanya kazi. Kwa haki, baadhi ya yaliyokuwemo hayakufaa mtoto wa Kiislamu kuyachora, na hilo hatulifuti leo. Mengi yalikuwa nyuso tu, na macho makubwa, na majina mawili mawili yaliyofungwa kwa moyo.

Binti mmoja wa miaka 14 hakurudi. Wiki ya kwanza tukasema ana homa. Wiki ya pili tukaulizia, tukaambiwa mzima. Wiki ya tatu tukafunga safari, sisi na mwalimu mwenzetu wa kike, mpaka kwao. Si mbali, ni mitaa mitatu tu. Nyumba nzuri, geti jipya, televisheni kubwa ukutani. Baba wa binti anafanya kazi Ghuba, mwaka wa sita sasa, na vyote hivyo vimetoka katika jasho lake, Allah amlipe. Mama akatukaribisha, akaenda kutayarisha chai.

Mwalimu mwenzetu akamuuliza binti kwa upole kwa nini haji. Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Daftari langu lipo?"

Tukamwambia lipo, halijachanwa. Tukamuuliza, ndani yake umemchora nani? Akasema ni Sasuke na Sakura. Hapo tukaona tumepata mlango wa nasaha, kwa sababu habari za Sasuke tulikuwa tumeshazisikia kwa wavulana. Tukamwambia: mwanangu, huyu Sasuke si ndiye aliyewaacha wenzake akiwa mtoto akamfuata adui? Si ndiye aliyewahi kutaka kumuua huyo Sakura? Kisha Sakura akamsubiri miaka na miaka, wakaoana, naye akaondoka tena kuzunguka dunia. Wewe binti wa Kiislamu ungekubali mume wa namna hiyo?

Tulijiona tumesema neno zito. Yule binti akatutazama kama mtu anayemtazama mtoto mdogo.

"Maalim, mimi Sasuke hata simpendi. Mimi nachora Sarada."

Hatukumjua Sarada. Akatueleza, na baadaye tukathibitisha kwa kusoma wenyewe. Sarada ni binti wa Sasuke na Sakura. Mwaka 2015 Kishimoto aliandika mkasa mfupi wa sura kumi juu yake. Sarada amekua bila kumjua baba yake. Nyumbani kuna picha tu. Anamuuliza mama maswali, mama anapatwa na hasira au anakwepa. Anaanza kushuku hata kama huyo mama ni mama yake kweli, na kama wazazi wake waliwahi kupendana. Basi anatoka kwenda kumtafuta baba. Na anapomkuta, baba hamtambui. Anamwelekezea upanga binti yake mwenyewe, akidhani ni adui.

"Mwisho wake je, baba anarudi nyumbani?" tukauliza.

"Anarudi kidogo, halafu anaondoka tena. Lakini kabla ya kuondoka anamgusa hapa kwa kidole." Akagusa paji la uso wake.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Hatujui alisimama pale tangu lini. Hakuna aliyesema kitu. Chai tuliinywa imepoa.

Ndugu wazazi, sisi tulikuwa tumeita michoro ile ushabiki wa mapenzi, tukaifungia kabatini pamoja na mingine. Kumbe mtoto alikuwa anauliza kama ndoa ya wazazi wake ni ya kweli. Hakuwa na wa kumuuliza. Kwa mama anaogopa kumtonesha. Kwa baba, simu za Ijumaa ni za salamu na karo. Kwetu madrasa, tangu amekuja, tumemfundisha nguzo za nikahi, idadi ya mashahidi, na aina za talaka. Mapenzi ya mume na mke, huruma na kusikilizana, mtu akiwa mbali inakuwaje, hayo hatujawahi kuyagusa, tunaona haya. Naye akayapata kwa Mjapani. Hatumlaumu baba yake hata kidogo. Kodi na karo tunazijua, na anayezilipa kwa kulala mbali na watoto wake yumo katika jihadi. Tunajilaumu sisi tulio karibu.

Na ajabu ni kwamba dini yetu haikunyamaza. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (RA) habari za Barira na Mughith. Barira alikuwa mjakazi, na Mughith mumewe alikuwa mtumwa. Barira alipoachwa huru sharia ilimpa hiari ya kubaki na mumewe au kumwacha, akachagua kumwacha. Mughith alikuwa akimfuata nyuma katika njia za Madina, analia, machozi yanachirizika mpaka kwenye ndevu. Mtume (SAW) alimwona. Hakumcheka wala hakumkemea kwamba mwanamume mzima halii kwa ajili ya mwanamke. Alimwambia ami yake Abbas juu ya maajabu haya, mmoja anapenda namna ile na mwingine anachukia namna ile. Kisha akamwendea Barira mwenyewe akamwambia lau angemrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akajibu kwamba yeye ni mwombezi tu. Barira akasema basi hana haja naye. Na mambo yakaishia hapo.

Tuliwasimulia wanafunzi kisa hiki Jumamosi moja na hatujawahi kuona darasa limetulia vile. Kijana mmoja akauliza, "Yaani Maalim, hata Mtume alipomwombea, alikataa?" Ndiyo. "Na haikuwa dhambi?" Haikuwa dhambi. Na hapa ndipo tunapokosana na katuni hizi kwa kweli, kuliko hata kwenye mavazi yao. Hinata amempenda Naruto tangu utotoni, anamtazama kwa kujificha nyuma ya miti, anamfumia skafu nyekundu, na mwisho anampata. Sakura anavumilia jaribio la kuuawa, na mwisho anampata Sasuke. Mtoto akila vipindi 720 vya namna hiyo anaamini kwamba ukipenda sana na ukisubiri sana, yule mwingine ana deni lako. Mvulana anaamini akikataliwa azidi kufuata. Msichana anaamini mwanamume mkali atabadilika kwa kuvumiliwa. Mughith alilia mpaka ndevu zikalowa, na Barira hakuwa na deni lake. Hili tungetamani kila mtoto wa Mutanga alijue kabla hajafika umri wa kuposa au kuposwa.

Kiko na kisa cha Musa (AS) huko Madyan, katika Suratul Qasas. Binti anakuja kwake akitembea kwa haya, anamwambia baba anamwita. Kisha mmoja wa mabinti wale anamshauri baba yake amwajiri kijana huyu, akitaja nguvu zake na uaminifu wake. Baba hamwambii binti nyamaza. Anasikia, anaelewa, anampa Musa pendekezo la ndoa. Tumekuwa tukikisoma kisa hiki miaka yote kwa ajili ya Musa. Safari hii tulimtazama yule baba.

Wapo watakaosema, mbona mnalegeza? Kateni mzizi, zimeni kabisa. Tunawajibu kwa mfano wa ndugu zetu waliokulia Muscat na Dubai. Mwaka 2000 ilifunguliwa chaneli ya watoto iitwayo Spacetoon, na katuni zake nyingi za Kijapani zilitiwa sauti za Kiarabu fasaha huko Damascus, katika Venus Centre. Wale waliokuwa wapenzi katika hadithi ya asili waligeuzwa kuwa ndugu au jamaa, na pahala pa kukumbatiana palikatwa. Nia ilikuwa njema, na faida ilipatikana, kwani watoto wengi waliinua Kiarabu chao kwa kutazama pale, hata wa Kiswahili. Lakini watoto wale walikua. Wakapata intaneti, wakazitazama zile za asili, wakagundua kwamba yule dada hakuwa dada. Mkasi unafaa kwa mtoto wa miaka saba, na tunaunga mkono. Kwa wa miaka 15 mkasi unamfundisha tu kwamba wakubwa wana siri.

Wala hatusemi kila kitu ni sawa. Ziko katuni zinazochora wasichana nusu uchi na kijana mmoja aliyezungukwa na kumi, na hizo hatuzitafutii udhuru. Mzazi akizikuta azifute na aseme kwa nini. Kuna habari za miungu na mizimu ya Kijapani ambazo mtoto lazima aelezwe kuwa ni ngano. Kuna Alfajiri zinazopotea. Suala la kuchora viumbe wenye roho wanazuoni wamelizungumza kwa urefu na wametofautiana katika yanayohusu watoto, hatutalimaliza hapa. Ila tunakumbuka kwamba katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kuwa Mtume (SAW) alimkuta Bi Aisha (RA) na wanasesere wake, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Akamuuliza, farasi ana mbawa? Naye akamjibu, kwani hukusikia kwamba Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka yakaonekana magego. Aliuliza kwanza. Sisi tulianza na kabati.

Na yule kijana wa "waifu"? Tulimwita peke yake. Ana kigugumizi kidogo, na wenzake humcheka akisoma mbele yao. Tukamuuliza ana nini hasa huyo Hinata. Akasema, kwa taabu, kwamba Hinata naye maneno humkwama. Basi. Tukamsomea habari ya yule asomaye Qur'an kwa kukwama-kwama na kwa mashaka, kwamba ana ujira mara mbili, akatabasamu. Waliokuwa wakimcheka tumeongea nao, na kwao hatukuwa na upole.

Tulimweleza pia habari ya Akihiko Kondo, mtu wa Tokyo ambaye Novemba 2018 alifanya sherehe ya kumuoa Hatsune Miku, mwimbaji asiyekuwepo, sauti ya kompyuta iliyochorewa sura. Alikuwa na chombo cha kioo nyumbani ambamo sura ile ilionekana na kumjibu. Watu walimcheka dunia nzima. Wachache walisoma kwamba kabla ya hapo alionewa kazini mpaka akajifungia ndani. Na mwaka 2020 huduma ya chombo kile ikasimamishwa, asubuhi "mkewe" hakujibu tena. Kijana alisikiliza. Akasema, "Maskini." Hatukuongeza kitu.

Tangu hapo kila Jumamosi baada ya Alasiri tuna nusu saa ya visa. Mtoto mmoja anasimulia kisa cha katuni yake, nani alimpenda nani na ikawaje, na sisi tunatafuta kisa katika Qur'an au Sira cha kukikabili. Wakati mwingine tunashindwa, tunaomba wiki moja tukasome. Ubishi wa makundi haukuisha. Sasa wanabishana kama Mughith alikuwa na haki ya kulia hadharani. Akina mama wawili wameanza kuja na kukaa nyuma, na mmoja wao siku moja alisimulia kifo cha Anthony kwa namna ambayo wasichana wote walilia, na tajwidi haikusomwa siku hiyo, Allah atusamehe.

Madaftari yote tisa tuliyarudisha. Manne tuliwaomba wenyewe wachane kurasa fulani mbele ya mwalimu wa jinsia yao, wakachana. La binti yule halikuwa na la kuchanwa. Mama yake ndiye aliyempelekea baba picha ya ukurasa mmoja kwa simu, hatukumwambia afanye hivyo.

Wiki mbili zilizopita, Ijumaa, baba akatupigia sisi kutoka huko aliko. Akatusalimia, akatuuliza hali, akauliza mvua. Kisha akanyamaza kidogo.

"Maalim, Sarada ni nani?"

Tukamwambia ampigie binti amuulize mwenyewe, na asiwe na haraka, kwa sababu kisa kina sura kumi.

Darasa la visa linaendelea kila Jumamosi baada ya Alasiri, na wazazi mnakaribishwa. Umeme ukikatika tunakaa uani, basi njooni na mikeka.

Wabillaahi tawfiiq.